Zamu ya Mweka Hazina: Kikoba Chetu Kilipokwenda Kuvua Mafia

Ijumaa

Kikoba chetu cha mtaani, hapa Temeke, huvunjwa kila Desemba. Hesabu inasomwa, kila mwanachama anachukua hisa zake na faida yake, pilau linaliwa, halafu Januari tunaanza upya. Safari hii mwenyekiti alisimama na hoja: tutumie mapumziko ya sikukuu ya Uhuru kwenda Mafia, tukodi boti, tukavue samaki wakubwa bahari kuu. Fedha ya faini za wachelewaji, ambayo miaka yote huishia kwenye pilau, iwe mtaji wa kuanzia. Haikutosha hata nusu, lakini hoja ilipita, na waliokuwa tayari kuongezea mfukoni wakawa sita: mwenyekiti mwenyewe, ambaye ni mwalimu mstaafu wa historia, shemeji yake, ambaye si mwanachama ila hakosi msafara, mweka hazina, ambaye ni mama wa duka la nafaka, binti yake anayesoma chuo, fundi friji, na mimi katibu. Kalamu ni yangu kwa sababu ya cheo, si kwa sababu naijua bahari.

Wapo wanaokwenda Mafia kwa ndege ndogo kutoka Dar, nusu saa hivi angani na umefika. Sisi tulikuwa watu wa kivuko. Tuliondoka Mbagala Rangi Tatu alfajiri, tukapita Vikindu, Mkuranga na Kimanzichana, na pale Bungu tukaiacha barabara kuu ya kusini tukakata kushoto kuelekea pwani. Kutoka hapo ni mikorosho na minazi mpaka Nyamisati. Fundi friji alikuja na madeli mawili makubwa, yamejaa barafu aliyoigandisha mwenyewe kwenye chupa za maji za lita moja na nusu. Tulimcheka. “Ngojeni mpate jodari ndipo mtajua kazi ya barafu,” akasema, akakalia deli moja njia nzima.

Nyamisati ni kijiji cha mikokoni, ukingo wa kaskazini wa delta ya Rufiji. Saa za kivuko hubadilika, kwa hiyo ulizia kabla hujatoka nyumbani. MV Kilindoni siku hiyo ilikuwa na magodoro, saruji, mabati, majogoo wawili wenye kelele, na watu wa Mafia wanaorudi kwao wakiwa wameshajua kona ipi ina kivuli. Mwanzo maji ni ya rangi ya udongo, kwa sababu mto wote unamwaga tope lake hapo; taratibu yanasafika, na ukikaribia kisiwa unaanza kuona kijani.

Mwenyekiti hakuweza kujizuia. Alinyoosha kidole upande wa kulia, kwenye mikoko, akatufundisha kwamba humo ndimo Wajerumani walimoificha manowari yao Königsberg mwishoni mwa 1914. Kwamba Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915 wakaitumia kurushia ndege za kuchunguza delta. Na kwamba meli ile ilimalizwa humohumo Julai mwaka huo. Abiria watatu tusiowajua walisogea kusikiliza. Shemeji aliuliza kama siku hizo samaki walikuwa wengi kuliko sasa, somo likafa.

Kutoka gati la Kilindoni tulikodi gari mpaka Utende, upande wa pili wa kisiwa, lami tupu. Getini kwa Hifadhi ya Bahari tukalipa kiingilio, cha Mtanzania ni nafuu mno kuliko cha mgeni, na mweka hazina akazitia risiti zote kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu alionunua kwa kazi hiyo tu.

Usiku, baada ya wali wa nazi na pweza, nahodha alikuja kutuona kwenye nyumba ya wageni. Mzee mwembamba, mzaliwa wa Jibondo, kisiwa kinachosifika kwa mabaharia na mafundi wa vyombo. “Shikamoo, mzee.” “Marahaba, wanangu. Mmevuka salama?” Swali lake la kwanza lilikuwa nani kati yetu hulewa bahari. Hakuna aliyenyoosha mkono. Akatikisa kichwa, akaendelea na masharti: bei ni ya boti kwa siku, si ya kichwa, mafuta, chambo na zana zimo, chakula chetu wenyewe. Asubuhi yeye ndiye mwenye kauli ya kutoka au kutotoka, na siku boti isipotoka hailipwi. Samaki wa kula, yaani jodari, nguru, faulusi na kolekole, nusu yetu, nusu ya boti. Nduwaro, samaki yule mkubwa mwenye upanga mdomoni, harudi nchi kavu. Akipatikana anaachiwa.

“Yaani nilipe, nivue, halafu nimwachie?” shemeji aliuliza.

“Umelipia boti, mwanangu. Samaki hujamlipia.”

Mwenyekiti alisema jambo hilo tutalijadili nduwaro akishapatikana. Mweka hazina alisema linajadiliwa sasa hivi, kwa sababu sahihi inawekwa sasa hivi. Likajadiliwa. Shemeji akashindwa kwa kura, japo hakuwa na haki ya kupiga kura, na mimi nikaandika makubaliano kwenye karatasi ya daftari, nahodha akasaini.

Likabaki suala la zamu. Boti ina fimbo kadhaa lakini mpiganaji ni mmoja: samaki akishika, anayekamata fimbo ni mwenye zamu tu, wengine wanakaa kando. Tukafanya kama tunavyofanya mchezo wa kupeana, vikaratasi ndani ya kofia. Fundi friji namba moja, mwenyekiti mbili, mimi tatu, shemeji nne, binti tano, mama yake wa mwisho. Kukawa na maswali ya kisheria. Samaki akikatika, je? Zamu imekwenda. Na akiwa mdogo? Mweka hazina hakufikiri mara mbili: “Aliyepokea mkopo mdogo amepokea mkopo.”

Jumamosi

Saa kumi na mbili asubuhi Ghuba ya Chole ilikuwa imetulia kabisa. Boti si kubwa: ya faiba, injini mbili za nyuma, turubai la kivuli, benchi za pembeni, na huko tezi, yaani nyuma, kiti kimoja kilichofungwa sakafuni kwa boliti. Kila ubavu una mti mrefu unaolazwa kuelekea nje ili mishipi isikutane ikiwa majini. Wafanyakazi ni nahodha na baharia kijana ambaye siku nzima sikumwona ameshika kitu kwa mikono miwili. Mmoja daima uko kwenye boti.

Hatukutupa chochote majini mpaka tulipotoka nje kabisa. Ghuba imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, na humo kuna sehemu ambazo ndoana haishuki kamwe. Njia ya kutokea ni mlango wa Kinasi, pengo kwenye mwamba ambapo ghuba huvuta na kutoa maji yake. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, alisema nahodha, maji hupita hapo kwa kasi ya kuipeleka boti yanakotaka yenyewe. Ndiyo sababu alipopigiwa simu mwezi uliopita hakutuuliza tunataka tarehe ngapi. Alitwambia mwezi utakuwa na siku ngapi, akatupangia maji mafu, siku ambazo hayana kasi.

Nje ya mlango kijani kinakatika na buluu nzito inaanza. Mwamba umeshuka, kina kinakwenda chini haraka, na mawimbi ni mengine, marefu, yanakuja kutoka mbali bila haraka. Baharia akashusha mishipi mitano. Hii ndiyo kurambaza: boti inakwenda mwendo wa wastani, maili saba hivi za baharini kwa saa, na nyuma yake chambo zinaruka kwenye povu. Chambo zenyewe ni ngisi wa plastiki wa rangi za ajabu, waridi na zambarau, ambazo binti alisema hakuna ngisi mwenye akili angezivaa. Kila mshipi una urefu wake, wa karibu kabisa uko kwenye povu la injini. Nilidhani povu huwafukuza samaki. Nahodha anasema huwaita, wanadhani ni kundi la dagaa linalohangaika.

Halafu ukangoja. Hili hakuna anayekwambia unapoonyeshwa picha za watu na samaki wao. Saa nzima, saa ya pili, injini inanguruma kwa sauti ileile, moshi wa mafuta unarudi tezi upepo ukigeuka, na macho yanachoka kuangalia fimbo ambazo hazitingishiki. Shemeji, aliyetwambia kwenye kivuko kwamba amekulia Kigamboni na bahari ni mwenzake, alikuwa wa kwanza kulewa. Baharia alimpa ndimu aling'ate na kumgeuza taratibu. “Upande huu, kaka, upepo uende nao. Tazama nchi kavu, usitazame sakafu.” Dakika kumi baadaye mwenyekiti alikuwa kando yake, naye akitazama nchi kavu. Mweka hazina alikuwa anakula chapati na maharage.

Nahodha ndiye aliyewaona membe, ndege wa baharini wanaofuata samaki. Walikuwa mbali, nukta tu, wanazunguka na kujitupa majini. Aligeuza usukani bila kusema neno, akapita pembeni ya kundi wala asilikate katikati, na nilipotaka kuuliza kwa nini, rili ya fimbo ya kulia ikalia. Sauti ile sijui niiandikeje. Mshipi unatoka kwa kasi ambayo hutaki kidole chako kiwe karibu nayo.

“Namba moja!” mweka hazina akapiga kelele, na fundi friji akajikuta kitini, mkanda kiunoni, fimbo mikononi. Baharia alikuwa anakunja mishipi mingine na huku anamfundisha: “Usivute kwa mikono, anti... samahani, kaka. Inua fimbo kwa mgongo, ukishusha ndipo uzungushe. Inua. Shusha, zungusha. Akitaka kwenda mwache aende, breki itamchosha.” Jodari hakurukaruka juu. Alipiga mbizi moja kwa moja chini na huko akakaa, anazunguka duara polepole, na kila duara fundi alikuwa akipata pima moja na kupoteza nusu. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kope. Hatimaye tukaona kitu cheupe kinang'aa chini, kikapotea, kikarudi karibu zaidi. Baharia akamnasa kwa kulabu yake kwa mpigo mmoja na jodari wa kilo 15 hivi akawa sakafuni, mkia unapiga mbao kwa kasi ya ajabu.

Hapo fundi friji akaacha kuwa mvuvi akarudi kuwa fundi. Jodari si kama samaki wengine: mwili wake una joto, na baada ya kupigana unazidi. Asipotolewa damu na kupozwa mara moja nyama hujipika yenyewe ndani, inapauka, na akikaa juani anaweza kumdhuru mlaji hata akipikwa vizuri. Baharia alimchanja nyuma ya mapezi ya pembeni, akamwacha damu itoke, na fundi alikuwa tayari ameshamimina maji ya bahari juu ya barafu yake ndani ya deli. “Barafu kavu inashika upande mmoja,” alisema. “Barafu na maji inamshika pande zote.” Nahodha akamwangalia kwa mara ya kwanza kwa heshima.

Zamu ya mwenyekiti ilileta sehewa, mdogo kuliko mkono wake. Akaomba kamati ikae. Kamati haikukaa. Zamu yangu ilikuja karibu na saa saba: mshipi ulikwenda kwa nguvu, nikakaa kitini, nikainua fimbo mara mbili, kisha ukawa mwepesi ghafla. Baharia aliuvuta akatuonyesha ncha: umekatwa safi, ngisi wa plastiki amekwenda. “Nguru,” alisema. “Huyo kwa meno hana mpinzani.” Zamu imekwenda.

Jioni sehemu ya jodari ilichomwa kwa ndimu na pilipili pale nyumba ya wageni, nyingine ikatiwa nazi. Nusu ya boti ilikuwa imeshakatwa ufukweni, watoto wamepanga foleni. Shemeji, tumbo limerudi mahali pake, alikula kuliko fundi.

Jumapili

Hatukutoka. Usiku upepo wa kaskazi uliamka, na asubuhi minazi ilikuwa inalalia upande mmoja. Ghuba yenyewe ilionekana ya kawaida, ndiyo maana mwenyekiti alibishana, lakini nahodha alituonyesha mbali, kwenye mlango: mstari mweupe usiokatika. “Pale maji yanayotoka yanakutana na upepo unaoingia. Hapo sina kazi.” Kwa kuwa siku isiyotoka hailipwi, yeye ndiye aliyekuwa anapoteza, na mtu anayekataa fedha yake mwenyewe huwa nafupisha mabishano naye.

Tukavuka kwenda Chole kwa dau la watu wa hapo, mwendo mfupi. Kuna magofu ya enzi za Wajerumani, Chole ikiwa makao yao kabla hawajahamia Kilindoni, na mizizi imeshayameza nusu. Kuna popo wakubwa wanaolala juu ya miti mchana kutwa wakigombana. Kuna mafundi wanaochonga mashua kwa tezo na macho. Mwenyekiti alitaka pia kwenda Juani kuona magofu ya Kua. Upepo ukakataa kwa niaba yetu. Mchana kutwa shemeji alirudia hoja yake: pale Feri Magogoni nduwaro anauzwa vipande kila siku, akina mama wanamkaanga, hakuna anayeulizwa. Kwa nini yeye aliyelipa aulizwe?

Nilimpelekea nahodha swali hilo jioni, alipokuja kutwambia upepo unalegea. Hakujitetea. Alisema yeye mwenyewe ujanani alivua kwa jarife, wavu wa samaki wakubwa, na nduwaro wengi tu amewakata na kuwauza, ndugu zake bado wanafanya hivyo, wala haoni haramu. “Yule anamvua ale. Huyu mwenye boti anauza siku, hauzi nyama. Nduwaro akibaki hai wiki ijayo ana mgeni mwingine.” Nimelifikiria jibu hilo tangu siku hiyo. Naona ni la kweli kuliko mahubiri niliyoyasikia kwingine kuhusu kupenda viumbe. Lakini pia naona lina upande: faida ya samaki anayeachiwa inamfikia mwenye injini mbili, haimfikii mwenye ngalawa, na huyo wa ngalawa ndiye anayeambiwa ajifunze.

Jumatatu

Sikukuu ya Uhuru. Binti alikuja na bendera ndogo ya taifa, baharia akaifunga kwenye mti wa ubavu, ikatoka nasi mlangoni. Upepo ulikuwa umebaki kidogo tu, mawimbi ya jana yamelainika.

Shemeji, namba nne, alimeza dawa ya kichefuchefu usiku na nyingine alfajiri, akapata faulusi: samaki wa kijani na dhahabu, kichwa kipana, anaruka juu mara kwa mara mpaka hujui kama yuko majini au hewani. Mzuri kupita kiasi, na rangi zote zile humwisha dakika chache baada ya kufa. Wenzake walikuwa wamemfuata, nahodha akasema faulusi aliyenasa usimtoe haraka, maana kundi hukaa naye; binti akatupiwa mshipi wa mkono wenye kipande cha sehewa, akanyakua mwingine kabla shemeji hajamaliza wake. Ikabidi tuamue kama zamu mbili zinaweza kwenda kwa wakati mmoja. Zilikuwa zimeshakwenda.

Akabaki mweka hazina. Na bahari ikanyamaza. Mwenyekiti akaanza kupendekeza kwamba, kwa kuzingatia umri na usalama, labda zamu ya mama ichukuliwe na mtu mwingine kwa niaba. “Nani?” aliuliza mama. Mwenyekiti alisema yuko tayari kujitolea. Mama akafungua mfuko wake wa zipu, akatoa karatasi ya makubaliano, akaisoma kimya, akairudisha.

Ilikuwa saa tano na kitu. Nahodha aliona kabla yetu: “Yuko nyuma ya chambo ya kushoto. Msiguse kitu.” Nikaona pezi, jeusi, limesimama juu ya maji kisha likalala. Nduwaro hamezi mara moja. Hupiga kwanza kwa upanga wake, kama amekasirishwa, ndipo anageuka kuchukua. Alipiga mara moja, mshipi ukachomoka kwenye kibanio chake mtini. Akapiga tena. Rili ikalia, ikanyamaza, ikalia tena bila kukoma, na mita nyingi nyuma yetu samaki mrefu akatoka majini mzima, pezi la mgongo limefunguka lote, akatikisa kichwa na kuanguka ubavu. Akatoka tena. Na tena. Hakuna aliyesema chochote cha maana. Mimi nadhani niliita jina la Mungu.

Mama alikuwa ameshakaa. Miguu yake haikufika mahali pa kukanyagia, baharia akaweka deli la barafu chini yake. Mishipi mingine ikakunjwa, nahodha akawa anarudi kinyumenyume kidogo kidogo kila samaki alipokimbia, ili mshipi usiishe. Hii sikuijua: mvuvi ana fimbo, lakini nusu ya kazi iko kwenye usukani. Dakika za kwanza mama hakukunja hata pima moja, alishikilia tu. Kisha samaki akachoka kuruka, akazama, na hesabu ikaanza. Inua, shusha, zungusha. Mwenyekiti alisogeza mkono kusaidia kushika fimbo. “Mwenyekiti, kaa,” alisema mama bila kugeuka, kwa sauti anayowatumia wadaiwa.

Baada ya dakika 20 na kitu alikuwa ubavuni. Nahodha alimkadiria kilo 30 na zaidi. Mrefu kuliko binti. Akiwa na hasira nduwaro huwaka, ubavu mzima unakuwa na mistari ya buluu, na jicho lake ni kubwa, linakuangalia. Baharia alivaa glavu, akamshika upanga, akamlaza kando ya boti, kichwa majini.

“Mama,” alisema shemeji kwa upole kuliko nilivyowahi kumsikia, “hebu fikiria tu. Kilo thelathini.”

Mama alikuwa anapumua kwa kinywa. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, ameiweka mapajani. Alimtazama samaki kwa muda, kisha akamtazama shemeji. “Tulisaini Ijumaa,” alisema. “Baba, mtoe ndoana.”

Kumwachia si kumtupa. Baharia alimshikilia vilevile huku nahodha akienda mbele polepole, maji yapite mdomoni na kutoka kwenye matamvua, maana samaki aliyechoka hivyo ukimwacha tu anazama. Tukamwona akipauka, kisha rangi zikaanza kurudi, mkia ukapiga mara moja bila nguvu, mara ya pili kwa nguvu. Baharia alifungua mkono. Shemeji alikwenda kukaa omo, mbele ya boti, peke yake mpaka tulipopata nguru wa kwanza.

Maana zamu zilianza upya, na mchana ule bahari ililipa: nguru wawili wa maana na jodari wawili, mmoja wa mwenyekiti, ambaye tangu hapo hakuzungumzia tena sehewa. Binti alikuwa ameirekodi vita yote ya mama yake kwa simu. Usiku tuliitazama pamoja. Sehemu kubwa ni mgongo wa mwenyekiti.

Jumanne

Kilindoni asubuhi. Tukiwa tunangoja kivuko, mtu mmoja gatini alituonyesha pezi linalokwenda taratibu si mbali na ufuko: papa potwe, mkubwa kuliko samaki wote duniani, anayekula vidudu na dagaa wadogo tu. Miezi hii ya kaskazi ndiyo huonekana zaidi upande huu. Kulikuwa na boti mbili za wageni zinamfuata kwa staha. Fundi friji hakuangalia sana, alikuwa anabadilisha barafu. Alipata nyingine kwa wauza samaki, akamwaga maji yote ya zamani, akapanga upya, akafunga madeli kwa gundi ya karatasi kuzunguka mfuniko.

Kwenye kivuko mtandao uliporudi picha ziliingia kwenye kundi la WhatsApp la kikoba, na kabla hatujafika Nyamisati wachelewaji walikuwa wameshaandika. Hoja yao: faini ni yao, safari imeanzia kwenye faini yao, kwa hiyo samaki wana sehemu yao. Mwenyekiti aliandika jibu refu lenye historia. Mweka hazina aliandika: “Leteni risiti.”

Konda wa basi la kurudi alitazama madeli akatoza nauli ya abiria wawili. Tulibishana mpaka Bungu, tukalipa ya mmoja na nusu.

Tuligawana dukani kwa mama, kwenye mzani wake wa nafaka, milango ikiwa imefungwa nusu kwa sababu ya majirani. Nyama ya jodari ilikuwa bado nyekundu na baridi mpaka katikati, na fundi akaikatia kila mmoja wetu kipande akione kwa macho yake. Kila mgao ulipimwa mara mbili, nikaandika, watu wakasaini. Wachelewaji walipelekewa nguru mmoja mzima, baada ya kupiga kura. Vichwa vya jodari havikuwa kwenye ajenda. Shemeji aliviweka kwenye mfuko akaenda kuvipikia supu, na akaniambia niandike kwamba yeye hajaachia kitu.